Linki Isiyohesabiwa

Mnamo Januari 18, 2005, Google, Yahoo na MSN ya Microsoft, washindani wakubwa wa utafutaji mtandaoni wakati huo, walikubaliana jambo moja. Linki yoyote itakayobeba neno nofollow kwenye msimbo wake, yaani "usifuate", haitahesabiwa na injini zao. Wewe msomaji utaiona kama kawaida, utaibonyeza, na itakufikisha unakoenda. Mashine nayo itaipita kama haijaandikwa. Watengenezaji wa programu za blogu, wakiwemo Blogger, WordPress, LiveJournal na Six Apart waliotengeneza Movable Type, wakasema wako ndani. Neno hilo lingebandikwa kwenye kila linki ambayo mgeni angeiacha kwenye komenti.

Wengi wetu wakati huo tulikuwa tunavaa kaptura na soksi za shule ya msingi, kama tulikuwa tumefika hata huko. Lakini mtandao tulioukuta tulipopata simu zetu za kwanza ulikuwa umeshapangwa na maamuzi ya aina hii. Ukijiuliza kwa nini Instagram inakulazimisha useme "linki iko kwa bayo", ama kwa nini ukitafuta maandishi ya Wakenya ya 2006 unapokelewa na ukurasa mweupe, lazima urudi nyuma kidogo, hadi pale watu walipoanza kugombania swali hili: mgeni akija kwako na kuacha anwani yake, ile anwani ni ya nani, na ina thamani gani?

Hodi ya bure

Tim Berners-Lee alipopendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa CERN kule Geneva, alitaka ukurasa mmoja uweze kukuelekeza kwa mwingine bila mtu kuomba ruhusa ya mtu. Aprili 30, 1993, CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya umma, hakuna wa kuilipia. Hapo kwa "bila ruhusa" ndipo kila kitu kilianzia. Kama umeandika kuhusu matatu za Eastlands na mimi nimeandika pia, ninaweza kuwatuma wasomaji wangu kwako usiku huu huu. Hatuhitaji mhariri wala mdhamini, na si lazima tuwe tunajuana.

Desemba 1997, Mmarekani Jorn Barger akaupa ukurasa wake jina la "weblog", ambalo baadaye lilikatwa likabaki blogu. Blogu za mwanzo zilikuwa karibu orodha tupu za linki: nimeona hiki, someni, mimi naonaje. Agosti 1999 kampuni ndogo ya San Francisco, Pyra Labs, ikatoa Blogger, na ghafla hukuhitaji kujua msimbo ili uwe na ukurasa wako. Google iliinunua Februari 2003.

Hapa kwetu watu hawakukawia. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kupata intaneti, na ilikuwa ghali na ya pole pole. Mwandishi angetunga chapisho lake nyumbani kwa karatasi, aende saiba, achape mbio mbio huku dakika zikihesabiwa. Hata hivyo waliandika. Ory Okolloh alikuwa na Kenyan Pundit, Juliana Rotich alikuwa na AfroMusing, Erik Hersman alikuwa na White African. Daudi Were, mwenye Mental Acrobatics, aliziunganisha blogu za Wakenya kupitia KenyaUnlimited, ili ukiingia kwa mmoja uweze kufika kwa wengine wote. Upande wa Tanzania, Ndesanjo Macha alikuwa akiandika Jikomboe kwa Kiswahili, na mpigapicha Issa Michuzi akaanza blogu yake mwaka 2005.

Kulikuwa na adabu fulani katika ulimwengu huo. Ukiacha komenti kwa mtu, jina lako lenyewe lilikuwa linki. Mwenye nyumba akilibonyeza, anafika kwako. Ilikuwa kama kupiga hodi: umekuja kwangu, umesema neno, na kesho mimi nitakuja kwako. Mtu ambaye hakuwa na gazeti wala redio alipata wasomaji kwa njia hiyo, komenti moja baada ya nyingine.

Hodi ikawa na bei

Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford walielezea njia ya kupanga kurasa za wavuti waliyoiita PageRank. Wazo lao lilikuwa kwamba linki ni kama kura. Ukurasa unaoelekezewa na wengi, hasa na wale ambao nao wanaelekezewa na wengi, una uzito kuliko ukurasa usiojulikana na mtu. Hapo ndipo Google ilipozaliwa, na kusema ukweli, ilifanya kazi vizuri kuliko yote yaliyoitangulia.

Shida ni kwamba kura ikishakuwa na faida, kuna mtu atakuja kuzijaza kwenye debe. Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Wauzaji wa viagra, kasino za mtandaoni na mikopo ya ajabu ajabu waligundua kwamba kila blogu ina sanduku la komenti lililo wazi, na kila komenti inaweza kubeba linki. Wakaandika programu za kutembea blogu moja hadi nyingine usiku kucha zikibandika anwani zao. Hawakujali kama kuna binadamu atakayezisoma. Waliyemtaka ni Google.

Kufikia 2003 hali ilikuwa noma. Watumiaji wa Movable Type waliamka asubuhi wakakuta mamia ya komenti chafu chini ya chapisho la msiba wa mzazi au picha ya mtoto. Oktoba mwaka huo mtu mmoja aitwaye Jay Allen akatoa kifaa cha kuwazuia kwa kutumia orodha ya anwani mbaya, lakini walioachwa nje walisajili anwani mpya na kurudi. Wengine walizima komenti kabisa. Wengine wakaanza kupitisha kila komenti mkononi, kazi ambayo inachosha mtu asiyelipwa hata shilingi.

Ndiyo maana mapatano yale ya Januari 2005 yalipokelewa na wengi kama dawa. Nia yake haikuwa mbaya. Ukiondoa faida, mwizi atakosa sababu ya kuja. Ila kulikuwa na walioona kasoro tangu siku ya kwanza, na walikuwa sahihi kwa mambo mawili.

La kwanza, spamu haikuisha. Kutuma komenti milioni hakumgharimu mtu chochote, kwa hiyo aliyekuwa akizituma hakusumbuka kuangalia ni blogu gani ina nofollow na ipi haina. Mwishoni mwa 2005 ilibidi waliotengeneza WordPress watoe chujio jingine, Akismet, ambalo tangu wakati huo limezuia komenti za takataka kwa mabilioni.

La pili ndilo linalonikera zaidi. Sheria haikutofautisha jambazi na jirani. Mwanafunzi wa Kisumu aliyesoma chapisho lako, akafikiri, akakujibu kwa aya tatu na kukuachia linki ya alichoandika yeye, aliwekwa debe moja na kasino. Jina lake kwenye komenti likaendelea kubonyezeka, ila mbele ya injini za utafutaji halikuwa na uzito tena. Aliyekuwa tayari mkubwa aliendelea kuhesabiwa, kwa sababu yeye linki zake zilikuwa ndani ya machapisho, si chini kwenye maoni. Mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza nayo ikaweka nofollow kwenye linki zake zote za nje. Ensaiklopidia iliyojengwa juu ya kurasa za watu wengine ikaacha kuwapigia kura kurasa hizo. Ilikuwa inajikinga na watu wale wale wa spamu, naielewa, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Na biashara haikufa, ilihama tu. Kama umewahi kutafuta kazi za kuandika mtandaoni ukiwa Nairobi, Eldoret au Thika, umeziona: makala ya maneno 500 kuhusu mabomba ya maji ya mji ambao hujawahi kufika, yenye linki moja iliyofichwa katikati, na sharti kwamba iwe linki inayohesabiwa. Mteja hakulipi kwa sababu ya sentensi zako. Ananunua ile kura. Vijana wengi wa rika langu, mimi nikiwemo baada ya kuacha chuo, tumelipa kodi ya keja kwa makala za aina hiyo. Mwaka 2019 Google yenyewe ilirudi ikasema kwamba nofollow sasa itachukuliwa kama dokezo, na ikaongeza alama mbili nyingine: moja ya linki zilizolipiwa, nyingine ya linki zilizoachwa na watumiaji. Miaka 14 baadaye, walikuwa bado wanatafuta namna ya kumtambua mgeni mwema.

Komenti zilipobeba nchi

Kama unadhani haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta, rudi Desemba 30, 2007. Matokeo ya urais yametangazwa, nchi inawaka, na serikali imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwenye televisheni na redio. Watu hawajui barabara ipi inapitika wala mtaa gani umechomwa.

Ory Okolloh alikuwa Kenya, akiandika kwenye blogu yake. Wasomaji wakaanza kumtumia habari kwa barua pepe na kuziacha kwenye komenti: hapa kumetokea hivi, pale watu wamekwama. Sanduku lile lile la komenti ambalo miaka miwili awali lilionekana kama choo cha spamu likawa chumba cha habari. Zikamzidi. Mwanzoni mwa Januari 2008 akaandika akiomba mafundi wamsaidie kuweka matukio hayo kwenye ramani. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wengine wakaitikia, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Chanzo chake ni watu waliosoma blogu za wenzao, wakajuana kupitia linki na komenti, na hawakuhitaji kutafutana siku nchi ilipowaka.

Lakini hadithi ina upande wa pili, na haifai kuurukwa. David Kobia huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenye Mashada, mahali ambapo Wakenya wa ndani na nje walikuwa wakipiga gumzo kwa miaka. Januari ile Mashada ilijaa matusi ya kikabila na uchochezi kiasi kwamba hakuweza kuyadhibiti. Mwishoni mwa mwezi akaifunga. Kisha akaanzisha I Have No Tribe, ukurasa wa watu kusema wao ni Wakenya kwanza, na aliyegonga mlango wa Mashada akaelekezwa huko.

Ukiweka hadithi hizo mbili pamoja, unaona kwamba mlango wazi haukutosha, na mlango uliofungwa haukutosha pia. Mtu mmoja aliyejulikana kwa jina, aliyeishi miongoni mwa wasomaji wake, alilazimika kuamua nini kibaki na nini kitoke, na watu walijua wa kumuuliza. Hilo ndilo jambo ambalo mashine ya 2005 haikuweza kufanya. Pia ndilo jambo tulilopoteza tulipohamia kwa majukwaa makubwa.

Kuishi kwa ploti ya mtu

Kwa sababu kuna swali lililotangulia swali la linki: unaandikia kwa nani?

GeoCities ilianza mwaka 1994 ikiwapa watu kurasa za bure, zilizopangwa kwa mitaa kama mji. Mwaka 1999 Yahoo ikainunua kwa takriban dola bilioni 3.6 za hisa. Miaka kumi baadaye, Oktoba 26, 2009, Yahoo ikaizima, isipokuwa tawi la Japani. Kurasa za mamilioni ya watu zikafutwa. Zilizookolewa ziliokolewa na watu wa kujitolea, hasa kundi la Archive Team, waliokimbizana na saa wakinakili walichoweza.

Movable Type haikufa, ilibadilisha masharti. Mei 2004 ilitangaza leseni mpya yenye mipaka na bei, na wapangaji wengi wakafungasha virago wakahamia WordPress, programu iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ambayo leseni yake inamruhusu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuiweka kwenye seva yake. Angalia hapo: waliweza kuhama. Machapisho na komenti zao ziliweza kubebwa kama viti na sufuria.

LiveJournal ni somo chungu zaidi. Iliundwa Marekani mwaka 1999 na Brad Fitzpatrick, ikapendwa sana na Warusi hadi ikawa baraza lao la siasa. Mwaka 2005 iliuzwa kwa Six Apart, na 2007 ikauzwa kwa SUP, kampuni ya Moscow. Mwishoni mwa 2016 seva zilihamishiwa Urusi, na Aprili 2017 watumiaji wakaletewa masharti mapya yaliyofuata sheria za huko. Mtu aliyekuwa ameandika miaka 15 alifungua ukurasa wake asubuhi akaambiwa akubali ama aondoke.

Na mwenye ploti si kampuni peke yake. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni. Ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka, zilifika shilingi milioni 2.1 za huko, zaidi ya dola 900. Kanuni zilimtwisha mwenye ukurasa mzigo wa kile walichoandika wageni wake pia: akijulishwa kuna maudhui yaliyokatazwa, ana saa 12 kuyaondoa. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Juni 2018 JamiiForums, iliyokuwa ikibeba mijadala ya Watanzania tangu 2006, ilijizima kwa muda. Waandishi wadogo wengi waliacha kabisa. Wakati ule sera ya komenti ilikuwa imegeuka suala la nani anaweza kulipia mdomo wake.

Sisi wa enzi hii tumechagua ploti kubwa zaidi, na masharti yake tumeyazoea hadi hatuyaoni. Kwenye Instagram linki ndani ya kepsheni haibonyezeki. Desemba 2022 Twitter ilitangaza kwamba itapiga marufuku linki za kuelekeza watu kwenye majukwaa kadhaa shindani, ikaiondoa sheria hiyo haraka baada ya kelele. Nofollow ya 2005 ilikuwa inamficha mgeni machoni pa mashine tu, binadamu aliendelea kupita. Hawa wa sasa wanamzuia binadamu mwenyewe. Spamu ilikuwa kisingizio cha kwanza, na haikuwa uongo. Leo sababu ni kwamba ukitoka, matangazo yao hayaonwi na mtu.

Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa hesabu: asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Hizo ni za dunia nzima. Sasa fikiria zetu. Blogu za Kenya za miaka ile ndizo zilizoandika Desemba 2007 kutoka mtaani, wakati televisheni zilikuwa zimezibwa. Zikizimika, kumbukumbu ya wiki zile inabaki ripoti za tume na picha za mashirika ya nje. Na tuliyoyaandika sisi Juni 2024, uzi baada ya uzi, video baada ya video, yako kwa seva ambazo hatuna ufunguo wake.

Kwa hivyo kama wewe na wenzako mnataka kuanzisha mahali pa kuandika, na najua mko wengi, msianze na rangi ya ukurasa. Ulizeni kwanza kama mnaweza kutoka na kila kitu, machapisho pamoja na komenti, siku mkichoka ama mkifukuzwa. Blogger na WordPress zinakuruhusu upakue vyote kwa faili moja. Jukwaa lisiloweza hilo ni jela yenye kuta nzuri. Nunueni anwani yenu wenyewe, ili mkihama nyumba, namba ya simu ibaki ile ile na linki za watu zisife. Andikeni sheria za komenti mapema, kwa lugha ya kawaida, na jina la mtu atakayezisimamia. Linki za wageni zikaguliwe na binadamu: kasino itupwe, na yule aliyekuja kwa heshima apandishwe kwenye chapisho lijalo, pale ambapo linki inahesabiwa. Kisha wekeni nakala kwenye Wayback Machine, ambayo inapokea ukurasa wowote wa umma bila malipo.

Ni kazi, na hailipi. Daudi Were na wenzake hawakulipwa pia. Lakini Januari 2008 ilikuta njia zimeshachimbwa kati ya blogu na blogu, na zikatumika. Siku nyingine kama ile ikija, itatukuta na kile tutakachokuwa tumejenga kufikia hapo.